Masasi hadi baharini, kwenda na kurudi siku moja na familia: mimi nasema haiwezekani

#1 Baba Wanne
Wakuu, salama. Naleta kesi mezani, mniambie nilikosea wapi.

Idi Ndogo iliyopita, Idi pili, nilipakia familia kwenye Noah: mimi, mama watoto, watoto wanne, mama mkwe na shemeji yangu wa kike. Nia moja tu, watoto wakaoge bahari Mtwara, jioni turudi Masasi kulala. Kilomita kama 200 kwenda, 200 kurudi, lami tupu. Nikapiga hesabu: saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, katikati siku nzima yetu.

Safari ilikuwa ya saa kumi na moja alfajiri. Tukatoka saa moja na dakika ishirini, maana pilau lilikuwa halijakauka. Ndanda hatujaiacha vizuri, wa tatu akatapika. Nyangao akafuata wa nne. Mtama mama mkwe akasema tupite kwa mwanawe wa kiume "dakika tano tu, nisalimie". Tulipofika, jamaa akaanza kumkimbiza kuku. Mnaelewa maana yake.

Shangani, ufukweni Mtwara mjini, tukaingia saa sita na nusu. Nafungua mlango, wa mwisho ananiuliza, "Baba, bahari iko wapi?" Wallahi sikuwa na jibu. Mbele yangu mawe, majani ya bahari na vidimbwi, watu wameinama huko mbali kama wanapalilia. Maji mstari mwembamba tu. Nikambeba huyo mdogo begani, mkono mwingine hotipoti ya pilau, tukayafuata. Yakatufika magotini. Saa tisa nikawaambia pandeni gari, sitaki kuendesha usiku. Na hapo ndipo maji yakawa yanakuja.

Kwa hiyo tangazo langu: haiwezekani. Anayebisha alete ratiba.

#2 Mla Bibo
Nimecheka hadi bosi kageuka. "Bahari iko wapi" 😂😂

#3 Dereva Kiwiko
Inawezekana, ila si kwa hesabu zako. Hiyo saa tatu ni ya mtu aliye peke yake na hajakunywa chai. Masasi hadi Mtwara vijiji vimepangana barabarani kama tasbihi, na kila kijiji ni kibao cha 50. Ukivunja, kijana wa tochi yuko kwenye kivuli cha mkorosho anakusubiri. Na familia weka saa nne, na hapo hujatapikiwa.

Kosa lako ni kutoka saa moja. Kuku ni nyongeza tu. Ukitoka saa kumi na moja hata kuku watatu unakula na unafika.

#4 Bibie wa Mitengo
Kosa ni pilau. Samahani kaka yangu, nani anaivisha pilau alfajiri ya safari? Chakula cha safari kinapikwa usiku: chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo. Pilau utalikuta huko huko. Mnawaamsha wanawake saa nane za usiku kupika halafu mnakuja kuandika "pilau lilikuwa halijakauka" kana kwamba lilijichelewesha lenyewe.

#5 Baba Wanne
@Bibie pilau nilipika mimi.

#6 Bibie wa Mitengo
Basi ndiyo maana halikukauka.

#7 Baharia wa Nanguruwe
Wote mnazunguka mbuyu. Mleta uzi ametaja mwenyewe kilichomponza na hakukiona: IDI PILI.

Idi Ndogo ni mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama bahari iko bamvua. Mwezi ukiwa mpevu, bamvua tena. Bamvua maana yake maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Na pwani yetu hii, siku za bamvua, maji hukauka mchana kuanzia saa nne hivi na hujaa saa kumi jioni. Kila siku sogeza mbele. Idi pili ukiingia saa sita na nusu unayakuta ndiyo kwanza yameanza kugeuka. Ukiondoka saa tisa umeyaacha njiani. Ungetoka saa kumi na moja alfajiri kama anavyotaka Kiwiko, ungefika saa tatu, ukayaona yanaondoka mbele ya macho yako. Afadhali ulichelewa.

Kwa hiyo kuku hana kosa.

#8 Ng'oko la Newala
Baharia wa Nanguruwe, hebu kwanza. Nanguruwe kuna bahari?

#9 Baharia wa Nanguruwe
Nyumba iko Nanguruwe, kazi ilikuwa baharini miaka 19. Wewe jina lako Ng'oko, mzizi wa porini, tukuchimbe?

#10 Lindi Kwetu
Mimi naona kosa liko Mnazi Mmoja. Pale njia panda mleta uzi alikata kulia akaifuata Mtwara, kilomita kama 85. Angekata kushoto, kilomita kama 24 yuko Lindi mjini. Masasi hadi Lindi ni kama 140 tu. Kwenda na kurudi unaokoa kilomita 120, na kwa Noah inayokula lita kwa kilomita kumi hizo ni lita 12 umezichoma bure. Bahari ni ile ile, Hindi.

#11 Mikindani Kongwe
Bahari ile ile? Lindi mjini mto Lukuledi unamwagia udongo wake mlangoni. Masika yakikolea, maji rangi ya chai ya maziwa. Mtu atoke Masasi, ambako Lukuledi unapita jirani, asafiri kilomita 140 kwenda kuoga mto ule ule?

#12 Lindi Kwetu
Umesema mwenyewe, masika. Kiangazi njoo. Na mjini si Lindi yote, panda kaskazini kidogo, Mtema, Mitwero huko, mchanga mweupe. Au vuka na kivuko hadi Kitunda. Watoto wamepanda meli, wameoga, wamerudi. Mtwara mna nini zaidi ya kujisifia gesi?

#13 Mla Bibo
Na hiyo gesi ndiyo yenyewe. Wazee huku wanasema tangu waanze kuvuta gesi Mnazi Bay bahari imekuwa ikirudi nyuma. Zamani Shangani maji yalikuwa yanafika barabarani.

#14 Ticha Chaki
Mla Bibo, hapana. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, na bamvua ilikuwepo kabla ya wote hao. Gesi inatoka chini kabisa kwenye miamba, haihusiani na maji kupwa. Na kama kuna kinachobadilika, usawa wa bahari duniani unapanda, haushuki.

Nimuunge mkono Baharia kwa sehemu. Mwezi ndio unaovuta maji. Mwezi unachukua kama saa 24 na dakika 50 kurudi juu ya kichwa chako, ndiyo maana maji husogea kama dakika 50 kila siku, na kati ya kujaa na kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Mwandamo na mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, unapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu vinavutana pembeni, unapata maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana. Hiyo ni Kidato cha Kwanza tu wakuu.

#15 Baharia wa Nanguruwe
Ticha sawa, ila hiyo 50 ni ya wastani. Karibu na bamvua husogea kidogo, dakika thelathini na kitu au arobaini. Maji mafu ndiyo huruka saa nzima na zaidi. Ukitumia 50 kavu kavu utatega wavu juu ya mchanga.

#16 Ticha Chaki
Nimekubali. Hilo la kutofautiana tulilisoma, nikalisahau.

#17 Mzee wa Kusi
Vijana, mwezi sawa, na upepo? Idi mleta uzi hajasema ilikuwa mwezi gani. Kama kusi lilikuwa limekaza, hata maji yakijaa mtoto haogi. Yanachafuka, yanapiga. Kaskazi bahari ni tulivu, lakini jua kali. Kwangu mimi siku ya kwenda na watoto ni matlai, tanga mbili, wakati upepo unapokezana, bahari inalala kama mafuta. Hapo hata maji yakiwa machache yanaogeka.

#18 Baba Wanne
Wadau nashukuru, mnanifumbua. Kwa hiyo nikienda Idi Kubwa itakuwa vilevile?

#19 Baharia wa Nanguruwe
Hapana. Idi Kubwa ni siku ya kumi tangu mwezi kuandama. Maji mafu yamepita kidogo tu, yanajaa karibu na adhuhuri. Ukitoka na alfajiri yako hiyo ya pilau bichi, unafika yanajaa, unaoga hadi saa nane. Asubuhi makavu, magharibi makavu, mchana tele. Siku za mwezi nane, tisa, kumi ndizo za mtu wa bara. Na tena ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Hata yakitoka hayaendi mbali.

#20 Ng'oko la Newala
Sisi tusiofunga je? Pasaka?

#21 Ticha Chaki
Pasaka nayo inafuata mwezi, ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kanisa. Kwa hiyo inaweza kuwa siku moja baada ya mpevu, bamvua kabisa, au siku saba baadaye, maji mafu. Krismasi ndiyo haina mwenyewe, inaangukia popote.

#22 Mama Kopo
Mnamwacha mama mkwe na mwezi wenu. Mimi nasema hivi: maji mafu hayana raha. Bamvua ndiyo siku ya kushuka na fimbo kutafuta pweza, kuokota chaza, watoto wanaona samaki wadogo kwenye vidimbwi. Wale watu "wanaopalilia" aliowaona mleta uzi walikuwa wanatafuta kitoweo! Angewavalisha watoto yeboyebo miguuni (kuna vile vyeusi vya miiba, ukikanyaga safari imeisha), awape ndoo, wangemsahau na bahari yake. Tatizo lake alikwenda na nia ya kuoga tu.

Na habari ya kutapika: mlikunywa chai ya maziwa na maandazi kabla ya kutoka, si ndiyo?

#23 Baba Wanne
@Mama Kopo ndiyo. Na walikuwa wanaangalia katuni kwenye simu.

#24 Mama Kopo
Basi. Maziwa, mafuta na simu. Mtoto wa kutapika mpe mkate mkavu au kipande cha muhogo, maji kidogo kidogo, akae aone mbele. Na ubebe kopo la rangi la lita nne lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, sasa mtu anatapikia kwenye mfuko wa karatasi, unajua kinachotokea chini.

#25 Dereva Kiwiko
Ndimu. Kata ndimu anuse. Dada yangu mimi anakalia gazeti, na hatapiki.

#26 Ticha Chaki
Gazeti linafanya nini?

#27 Dereva Kiwiko
Sijui Ticha. Lakini hatapiki.

#28 Mtunduru
Mnalalamikia kilomita 200. Sisi tunatoka Tunduru, Masasi ndiyo nusu ya safari. Mwaka juzi tulitoka saa nane za usiku, tukafika Mtwara saa tatu asubuhi, tukatandika mkeka mchangani, kila mtu akalala fofofo. Maji yalikuwa mbali huko. Saa tisa nashtuka, mguu umelowa. Viatu vinaelea, na sufuria la wali na mfuniko wake linaondoka taratibu kama jahazi, watoto wa pale wanalipigia makofi. Sufuria tulilipata. Wali ulikuwa na chumvi ya kutosha.

#29 Mla Bibo
😂😂😂 sufuria limepata nahodha

#30 Mikindani Kongwe
Hayo ya #28 ni ya kuchekesha, ila bamvua inapoingia ni ya kuogopa. Inazunguka kwa nyuma. Watu wanasimama kwenye kisiwa cha mchanga wanapiga picha, wakigeuka, kati yao na nchi kavu kuna mkondo wa kiunoni. Kwa watoto hiyo ni shingoni.

Na tyubu za gari! Mpwa wangu tulimpa tyubu hapa Mikindani, upepo ukaishika, tuliokuwa ufukweni tukadhani anacheza. Alirudishwa na mvuvi wa mtumbwi, mdomo umemkauka. Tangu siku hiyo tyubu yetu ina kamba, na kamba imefungwa kiunoni mwa mtu mzima anayejua kuogelea. Si mtu mzima anayechoma mishikaki.

#31 Baba Wanne
Hilo nimeliandika. Je, Msimbati? Kuna jamaa ananiambia ndiko kwenyewe, hakuna mawe.

#32 Baharia wa Nanguruwe
Msimbati ni pazuri kuliko pote tulipotaja, hilo halina ubishi. Mchanga mrefu, maji yako karibu hata yakipwa. Ila ongeza kilomita 40 na kitu kutoka Mtwara, na ni ndani ya hifadhi ya bahari, kuna kiingilio, uliza kabla hujafika na familia ya watu wanane. Kwa siku moja kutoka Masasi, sikushauri. Hiyo ni safari ya kulala.

#33 Dereva Kiwiko
Na Noah isiteremke mchangani kumfuata mtu mwenye Land Cruiser. Mimi nilinasa. Kila nikikanyaga mafuta inachimba. Mzee mmoja akaja na makuti, akaniambia zima, toa upepo nusu kwenye matairi yote manne, usukani nyoosha, weka namba mbili. Ikatoka kama inateleza. Shida sikuwa na pampu ya kurudishia upepo, nikatambaa hadi kwenye lami kama nimebeba mayai.

#34 Lindi Kwetu
Yote hayo kwa sababu hataki kukata kushoto Mnazi Mmoja.

#35 Baba Wanne
Lindi Kwetu umenishawishi nusu. Nilikuwa nafikiria Nane Nane, ni mapumziko.

#36 Ng'oko la Newala
Nane Nane Lindi?! Maonyesho ya kanda yako Ngongo, na Ngongo iko barabarani hapo hapo ukielekea Lindi. Utashinda unaangalia ng'ombe wa maonyesho, bahari utaisikia. Na mwezi wa nane ndiyo kusi la Mzee #17 hilo.

#37 Lindi Kwetu
Ng'oko ana haki kwa tarehe nane yenyewe. Nenda Jumamosi nyingine, wiki ambayo mwezi ni nusu. Ila ng'ombe wa Ngongo na watoto pia ni raha.

#38 Bibie wa Mitengo
Mmesahau kuku. Mimi bado nasema ni kuku. Hata mwezi uwe nusu, hata ukate kushoto, Mtama iko KABLA ya Mnazi Mmoja. Lazima upite pale. Hiyo saa moja na zaidi itaondoka tu.

#39 Mwana wa Mtama
Mimi ndiye shemeji mwenye kuku. Nimeusoma uzi wote.

#40 Baba Wanne
Shemeji??

#41 Mwana wa Mtama
Natania mkuu 😂 Mtama tuko wengi. Ila kama ni mimi ningekununia. Mtu mama yake anapita mlangoni, asisimame?

#42 Baba Wanne
Umenitoa jasho. Jibu ni hilo sasa: mpigieni simu jana yake, aje barabarani, asalimie kupitia dirishani, kuku apakiwe akiwa amechomwa.

#43 Mzee wa Kusi
Mwanangu, salamu ya dirishani kwa mama mzazi, huko kwenu inaitwaje?

#44 Dereva Kiwiko
Mchukue na huyo shemeji twende naye baharini.

#45 Mama Kopo
Noah imejaa, watu wanane tayari. Wa tisa atakaa juu ya kopo langu?

#46 Baba Wanne
Wakuu, maendeleo. Nimemsomea mama watoto uzi huu. Anasema kosa halikuwa mwezi, wala kuku, wala pilau. Anasema nilisimama kwenye kituo cha mafuta Mnazi Mmoja dakika arobaini kuangalia mpira. Nakiri nilisimama. Arobaini sikubali.

Mama mkwe naye kasikia yuko chumbani. Anasema tusipopita Mtama yeye hapandi gari, na yeye asipopanda hakuna wa kushika watoto.

#47 Bibie wa Mitengo
MPIRA! Na uzi mzima umekaa kimya!

#48 Mtunduru
Njooni Tunduru. Kutoka Masasi ni kilomita 200 zile zile, lami, Mtama hampiti. Mto Muhuwesi upo, na hauna habari na mwezi.

#49 Ng'oko la Newala
Na mamba je?